Waliniacha Mchangani Nikiwapungia Mkono

Nina miaka ishirini na tisa. Ninauza manukato, udi na nguo za harusi katika soko la Garissa, naishi kwa wazazi wangu, na sijaolewa. Wengine mkifika hapo mtajisemea, maskini, kazi yake kupamba maharusi wa wenzake. Semeni tu... nimeambiwa mabaya kuliko hayo.

Ninaandika kwa sababu nimechoka kusimuliwa na watu. Mji mzima unaujua mkasa wangu, lakini wanaoujua ni ule wa video fupi iliyozunguka kwenye simu, ambamo naonekana nacheka. Leo nitausema mimi mwenyewe tangu mwanzo. Mkishasikia wote, nihukumuni.

Jina langu ni Nimo. Baba yangu, tunayemwita Aabo, ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa swala na maneno machache. Marafiki zangu walinionea wivu kwa jambo moja tu: Aabo aliniamini. Nilipomaliza shule alinifungulia duka. Nilipokwenda Nairobi kununua mali aliniaga mlangoni, wala hakumtuma kaka wa kunifuata nyuma. Jamaa zake walimwuliza kwa nini ananiachia kamba ndefu hivyo, naye akawajibu kwamba Nimo akisema atarudi alasiri, alasiri utamkuta nyumbani.

Wengine waliumbiwa uzuri, wengine wana mali. Mimi nilikuwa na hilo la kuaminiwa na Aabo, na nililitembeza mjini kichwa juu!

Nyumbani kwetu alikuwapo pia Fardowsa. Huyu ni binti wa ndugu yake Aabo, aliyefariki huko Ijara. Aliletwa kwetu akiwa mtoto wa shule ya msingi, kiroba cha nguo mkononi, macho yamevimba kwa kulia. Nilimpisha kitandani kwangu. Nilimsuka nywele, nilimfundisha hesabu, nilimfundisha hata kupika anjera isiyoshika kwenye kikaango. Alikuwa binamu kwa damu, lakini mimi nilimwita mdogo wangu, na yeye aliniita abaayo, yaani dada.

Kwa kuwa baba yake hayupo na hana kaka, Aabo ndiye aliyekuwa walii wake. Maana yake ni kwamba Fardowsa asingeweza kuozwa bila ridhaa ya Aabo. Na Aabo alimbana sana huyo msichana, si kwa ubaya. Alisema mimi ni mwanawe, yeye akinikosea atajibu kwangu mwenyewe, lakini Fardowsa ni amana ya marehemu. Kwa hiyo Fardowsa akitaka kwenda harusini, naomba mimi. Akitaka kulala kwa rafiki, naomba mimi. Nilikuwa ufunguo wake wa mlango.

Kisha akaja Zakariya. Kijana wa ofisini, mpole, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Wazee wake walikuja kuniposa kwa heshima, Aabo akakubali, na harusi ikapangwa baada ya Idi kubwa. Alizoea kupita nyumbani jioni kuwaamkia wazazi wangu. Mimi wakati huo niko dukani, nafunga mahesabu ya siku. Mnadhani nani aliyekuwa akimpelekea chai? Wala sikuwaza! Nilifurahi kwamba mdogo wangu anamheshimu shemeji yake.

Safari ya mtoni ilikuwa wazo la Ifrah, rafiki yangu tangu shule ya upili. Baada ya Idi ndogo vijana wengi wa Garissa hushuka kwenye mashamba ya kando ya Tana, wakakaa chini ya migomba na milimao, wakala, wakapiga picha. Ifrah alitaka kubwa zaidi. Maji ya mto yalikuwa yamepungua na katikati palikuwa na kisiwa cha mchanga mweupe, safi kabisa. Tukodi boti, alisema, tule pilau yetu huko, wavulana na wasichana wa kundi letu, kabla Nimo hajaolewa akafungiwa ndani. Zakariya alikuwa katika kundi. Fardowsa naye alitaka kuja... alitaka sana.

Aabo alikataa. Mimi aliniruhusu mara moja, lakini Fardowsa, hapana. Alisema mto una mamba, na kwenye boti wana wa watu hukaa magoti kwa magoti. Fardowsa alilia siku nzima. Alinishika miguu akasema kwamba mimi naolewa na yeye atabaki peke yake katika nyumba hii, je, siwezi kumwombea furaha hata ya siku moja?

Nikaenda kwa Aabo tena. Nilimkuta amekaa mkekani akichambua nyirinyiri, nyama kavu ya kukaanga, za kutuma kwa jamaa wa Modogashe. Nilibembeleza, nikazunguka, nikarudi palepale. Mwishowe aliinua macho.

"Utamrudisha wewe?" aliuliza.

"Wallahi, Aabo, nitamrudisha kabla ya Maghrib."

Nataka mwelewe. Kwetu neno hilo liko kwenye ndimi za vijana mchana kutwa. Wallahi sina chenji, wallahi nimeshiba. Lakini Aabo si mtu wa namna hiyo. Sijawahi kumsikia akiapa hata sokoni, ambako wanunuzi wa ng'ombe huapa kama wanavyopumua.

"Umeapa," alisema.

"Nimeapa."

"Basi nendeni."

Fardowsa alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza. Nilipotoka alinikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikaniuma. Mimi mjinga nilidhani ni shukrani.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningependa niseme anga lilikuwa jeusi, moyo wangu ukashtuka, nikaota ndoto mbaya... hakuna. Kulikuwa na jua na kicheko. Tulishuka kwa tuktuk mpaka mashambani, tukabeba sufuria ya pilau ya mbuzi, ndizi, sambusa na chupa za chai. Mwenye boti, baba mmoja wa hukohuko mtoni, alitupanga wazito katikati, wepesi pembeni, akatuambia tusiweke mikono majini. Wavulana waliweka kusudi ili wasichana wapige mayowe.

Kisiwani tulikula mpaka tukalegea. Tulishindana kutupa mawe. Halafu wakaanzisha mchezo wa kumwacha mtu. Unamshughulisha mmoja, wengine mnakimbilia botini, boti inaondoka, anabaki anarukaruka mchangani mnamcheka, kisha mnazunguka na kumrudia. Wa kwanza kuachwa alikuwa kijana mmoja mnene wa kundi letu. Alipiga magoti akasoma shahada kwa mzaha, sisi tukacheka mpaka machozi, boti ikamrudia. Wa pili alikuwa Ifrah mwenyewe. Naye walimrudia.

Wa tatu nilikuwa mimi.

Ifrah alinifunga macho kwa mtandio wake. Alisema tubadilishe kidogo, wewe bibi harusi utatutafuta kwa kusikia makofi. Fardowsa alinishika mabega akanizungusha mpaka nikapata kizunguzungu. Makofi yakaanza upande huu, yakahamia upande ule, nami nikayafuata mikono mbele, nikicheka. Simu yangu? Fardowsa alikuwa ameichukua mapema ili isiingie mchanga. Alivyonijali!

Nilisikia injini. Nikavua mtandio, nikawaona wote botini, katikati ya maji, wakinipungia. Ifrah alikuwa ameinua simu yake ananipiga video.

Mngefanya nini ninyi? Nilikuwa nimeona wawili wakiachwa na kurudiwa. Nami nikacheza mchezo. Nikasimama kama mama anayeaga watoto, nikapunga mkono, nikapaza sauti: "Nendeni salama! Fardowsa, nimekupa ruhusa, usirudi!" Nikacheka mpaka nikainama.

Boti haikugeuka.

Ilivuka moja kwa moja mpaka ng'ambo, upande wa Madogo, ambako barabara inashuka kuelekea Hola. Nilimwona Zakariya akishuka. Nilimwona akimpa mkono Fardowsa, mkono mzima, vidole ndani ya vidole. Walipanda ukingo. Juu kulikuwa na gari jeupe, mlango wazi. Fardowsa aligeuka mara moja akanitazama. Halafu akaingia.

Bado sikuelewa, jamani. Niliwaza labda ameumwa, labda anapelekwa hospitali. Niliita. Boti ikateremka na mto pamoja na wenzangu wengine, ikapinda kona, ikapotea. Niliita mpaka sauti ikakauka... nikaita kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake.

Ndipo neno likaniingia kichwani: masafa.

Wasomaji wa kwingine labda hamjui. Kwetu, msichana ambaye walii wake hawezi kukubali, husafiri na mwanamume mpaka mbali sana na nyumbani, umbali ambao walii anahesabika kuwa hayupo. Huko wanamtafuta sheikh anayekubali kusimama mahali pa walii, na nikaha inafungwa. Ikishafungwa imefungwa. Baba anaweza kulia, anaweza kukasirika, lakini binti ni mke wa mtu. Wanaofanya hivyo wanahitaji kitu kimoja tu, muda wa kuondoka kabla nyumbani hawajajua.

Aabo asingemwoza Fardowsa kwa mchumba wa bintiye hata dunia ipinduke. Na darajani wangeonekana, kwa sababu kila dereva pale anamjua Aabo. Kwa hiyo walipita mtoni. Na mtu wa pekee ambaye angepiga simu nyumbani papo hapo aliachwa katikati ya maji bila simu. Pikniki nzima... pilau, ndizi, makofi... ilipangwa ili nikae kimya hadi jioni!

Sitajifanya shujaa. Kwanza nililia. Kisha nilipandwa na hasira nikakaa chini nikala sambusa zao zote zilizobaki. Ndiyo, nilikula. Sikutaka wazikute wakirudi. Baadaye nikaona maji yamebadilika rangi yakawa ya udongo, na fimbo aliyokuwa ameichomeka mmoja wetu ukingoni imezama nusu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani. Kwenye ncha ya chini ya kisiwa mamba alipanda akalala, mdomo wazi, kana kwamba naye kaja pikniki. Nikarudi nyuma. Maji nayo yakaja mbele. Nikabaki nimesimama na mfuniko wa sufuria mkononi, nikiupiga kwa kijiko ili asinikaribie.

Lakini wallahi (nalisema tena neno hilo, litanimaliza) sikumwogopa mamba kama nilivyoliogopa jua. Nililitazama likishuka. Kabla ya Maghrib, nilisema mimi. Kabla ya Maghrib.

Mwenye boti ndiye aliyenirudia. Alikuwa akienda kwake akasikia mfuniko ukipigwa. Alinishika mkono kuniingiza botini akanitazama kwa mshangao.

"Dada, wenzako waliniambia boti ingine itakuja kukuchukua," alisema. "Walisema ni mchezo wenu wa harusi."

Adhana ya Maghrib ilinikuta katikati ya mto. Nilijiziba masikio kama mtoto.

Aabo alikuwa amesimama langoni. Alitazama nguo zangu zilizolowa, akatazama nyuma yangu. Hakuniuliza kama niko mzima. Aliuliza, "Fardowsa yuko wapi?"

Nilimweleza yote huku meno yakigongana. Mama alinifunika shuka. Aabo alisikiliza mpaka mwisho, na ninaamini, wasomaji, ninaamini kabisa kwamba jioni ile alinisadiki. Alisema tu, "Kapumzike." Alianza kupiga simu Bura, Hola, kwa kila aliyemjua. Kila aliyepokea alisema hajawaona. Asubuhi amu yake Zakariya akapiga. Nikaha ilikuwa imeshafungwa.

Nilimpoteza mchumba na mdogo wangu kwa siku moja, kwa mpigo. Nikadhani hapo ndipo mwisho wa maumivu. Kumbe bado!

Video ya Ifrah ilitoka. Yeye husema alimtumia mtu mmoja tu, na huyo mmoja akamtumia mwingine. Sijui. Ninachojua ni kwamba iliishia pale ninapoinama kwa kicheko. Inanionyesha nikipunga mkono. Nasikika wazi kabisa: Fardowsa, nimekupa ruhusa, usirudi. Zakariya anaonekana ameketi kando yake. Basi. Kilio changu hakimo, kuita kwangu hakumo, mamba hamo.

Ilimfikia Aabo kupitia kwa mzee mwenzake msikitini. Alirudi nyumbani na simu ya yule mzee mkononi, akaiweka mezani mbele yangu, ikacheza. Alinitazama nikicheka mle ndani. Akaichezesha tena.

Nilisema ni mchezo, Aabo, sikujua, nilidhani watarudi. Aliichukua simu ili amrudishie mwenyewe, akaenda kutawadha.

Nilikwenda kwa Ifrah nikamwomba ile sehemu iliyobaki, ile ninayolia. Alisema ameifuta. Nilimwuliza kwa nini.

"Nimo, ungesikika ukituita majina," alisema, macho chini. "Na mimi nasikika nikicheka. Baba yangu angeniua. Fardowsa alituambia wewe na Zakariya hampendani, kwamba ni wazee tu walioamua. Nilidhani nasaidia watu wanaopendana."

Akaniambia pole. Ndiyo malipo niliyopata kwa urafiki wa miaka yote ile, pole.

Mji ukaamua. Waliosema mimi ni zuzu niliyenyang'anywa bwana huku nacheka walikuwa wachache. Wengi walisema nilihusika. Eti nilikuwa na mtu wangu Nairobi, nikamtupia mdogo wangu mchumba nisiyemtaka, nikamwapia baba yangu uongo. Wateja wangu wa zamani walipita dukani bila kusalimia. Vijana wa sokoni wakinipita walipunga mkono na kusema, "Nenda salama!" Mtu mwingine aliyekuwa ameanza kuniulizia, mfugaji mgane wa Bute, mtu wa heshima, naye alinyamaza ghafla. Mama yake hakutaka mke anayechezea viapo.

Baada ya miezi kadhaa, wazee wa ukoo wa Zakariya walikuja kuomba radhi kama desturi ilivyo. Walijaa ua mzima. Walileta ngamia, wakaleta masheikh, wakasema kijana amekosa, lakini sisi sote ni damu moja. Aabo angeweza kukataa? Angekataa, koo mbili zingeacha kusalimiana. Akakubali. Fardowsa akarudi mjini, tumbo limeshaonekana, na Aabo akachinja mbuzi.

Nilikuwa jikoni nikipika nyama ya mbuzi huyo. Nilishindwa kuvumilia. Wageni walipoondoka nilimfuata Aabo uani nikamwuliza, amemsamehe aliyemwibia, je, mimi nilimkosea nini cha kuzidi hapo?

Aliongea bila ukali, na laiti angefoka.

"Yeye aliniibia," alisema. "Wewe uliniapia."

Nilikwenda kwa ustadhi mmoja nikamweleza. Alinifariji akasema aliyezuiwa kwa hila hana dhambi, lakini nikitaka moyo utulie nifunge saumu ya kafara. Nilifunga. Nilimwambia Aabo nimefunga. Akasema, "Vizuri," kama anavyomwambia mtumishi aliyefagia.

Kisha wanawake wakamfanyia Fardowsa sherehe ya shaash. Ni kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa. Wageni wa kike huja na vitambaa, kila mmoja anaweka chake juu ya kichwa cha bibi harusi, huku uunsi ukifukizwa na ngoma zikipigwa. Mama aliniambia Aabo anataka niende ili watu wasiseme nyumba imegawanyika. Tena dada wa nyumbani ndiye anayeanza.

Nilikwenda. Nilichagua kitambaa kizuri kuliko vyote dukani kwangu, kwa sababu nina kiburi changu na sikutaka waseme nimeleta cha bei ya chini. Nilipita katikati ya ukumbi mpaka alipoketi Fardowsa. Nilikiweka kichwani mwake, nikakikaza kisogoni kama nilivyokuwa nikimfunga alipokuwa mtoto anakwenda madrasa.

Aliinua uso akaninong'oneza. "Abaayo, nilijua wewe atakusamehe. Mimi ndiye niliyeogopa hatanisamehe kamwe. Wewe ni mwanawe."

Nilimtazama. Hakuwa akinidhihaki... nilitamani angekuwa ananidhihaki. Alikuwa amepiga hesabu akaona mimi ninaweza kubeba. Alinipa mzigo wake kwa sababu ya upendo wa baba yangu, na upendo huo ndio aliouvunja. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikatabasamu, maana simu zilikuwa zimeinuliwa tena kila pembe.

Mwaka uliofuata Aabo alijaliwa kwenda Hija. Mnajua mtu kabla ya safari hiyo huomba msamaha kwa kila aliyeishi naye, asije akafika mbele ya Kaaba na deni la mtu moyoni. Alitupanga sote barazani. Alimwomba mama msamaha, mama akalia. Aliwaomba kaka zangu. Alimwomba mlinzi wa lango. Alimwomba Zakariya, Zakariya huyo huyo! Alimwomba Fardowsa, aliyekuwa amempakata mtoto, na mtoto akapigwa busu.

Akafika kwangu. "Nisamehe, Nimo, kama nilikukosea."

Nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana kwa neno hilo. "Nimekusamehe, Aabo," nikasema. "Na wewe je... umenisamehe?"

Kila mtu alisikia. Aabo alirekebisha mkanda wa begi lake begani, polepole.

"Nitakuombea," alisema.

Akapanda gari, wakaondoka. Alirudi salama, alhamdulillahi. Tunaishi nyumba moja mpaka leo. Nikimsalimia ananijibu salamu yangu, kwa sababu kujibu salamu ni wajibu. Nikisafiri kwenda Nairobi kununua mali, siku hizi kaka yangu mdogo anafuatana nami.

Wasomaji wenzangu, hasa mabinti wa kwetu, sikuwaambia haya mnionee huruma. Wala sisemi msiende mtoni, nendeni mkale pilau yenu. Ninachowaomba ni kimoja. Mkiombwa na dada, na binamu, na rafiki wa chanda na pete, mkawasemee kwa wazazi, kataeni! Mwacheni anayetaka safari aende mwenyewe mbele ya mzazi, aulizwe yeye, ajibu yeye, aape yeye kama anaweza. Mkiona haya kumkatalia, kumbukeni kwamba mimi niliona haya, na nikatoa kiapo kwa miguu ya mtu mwingine.

Na kwa wazazi mnaosoma, nawaomba nanyi. Mwanao akirudi amelowa, nguo zimejaa mchanga, anatetemeka, muulize kwanza kama yuko mzima. Hayo mengine muulize baadaye. Mimi sijaulizwa hadi leo.